Kofia Isiyofumuliwa

Katika habari hii yamo niliyoyaona na yamo niliyoambiwa, na kila nitakapofika kwenye la kuambiwa nitasema hivyo. Kwamba kaka yangu Lali alikuwa akivuta bangi ndani ya gofu, nyumba ya mawe iliyobomoka, lililokuwa kati ya skuli na mtaa wetu hapa Amu, kisiwani Lamu, hilo niliambiwa. Sikupata kumuona na msokoto mkononi. Kwamba shati lake lilinukia udi siku za kazi, hilo nililinusa mwenyewe. Ama maisha yake baada ya kuondoka kwenda Mombasa, nimesimuliwa mengi na watu wengi, na sijapata wawili waliosimulia jambo moja kwa namna moja. Yeye mwenyewe alituandikia barua chache za salamu, kisha barua zikakoma. Kwa hiyo hayo ya Mombasa hayamo humu.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Mwezi uliopita niliitwa skuli pamoja na wazee wengine, wazazi, na imamu wa msikiti wa jirani, tukae na mwalimu wa ushauri nasaha tuzungumze juu ya dawa za kulevya miongoni mwa wanafunzi. Mwalimu huyo ni binti wa bara, mpole, mwenye daftari lililopangwa vizuri. Kikao hakijafika nusu, majina ya watoto yakaanza kutajwa. Huyu anatumia unga, yule anakula vidonge, wa tatu anaweka kuberi, ile tumbaku ya mdomoni, darasani. Nikauliza ni nani kati yetu aliyeona. Mmoja alisema aliambiwa na mkewe, mwingine alisema mji mzima unajua. Nikawaambia kwamba mji hauna macho. Binti yule akafunga daftari bila kuandika jina hata moja, nami nikampenda kwa hilo. Tulipokuwa tukitoka, alinipita mwanafunzi wa darasa la juu, akinukia udi kuanzia kola hadi mikono, siku ya Jumanne, asubuhi. Sikumtaja kwa mtu. Nilimrudia mwalimu nikamwomba azungumze naye faraghani, nikaenda zangu nyumbani, na njia nzima nilikuwa mtoto wa miaka minane.

Wenzangu wa umri wangu watakumbuka kwamba udi haukuwa manukato ya kila siku. Ulikaa ndani ya kasha, chini ya nguo, umefungwa katika kitambaa, na ulitoka kwa Idi, kwa maulidi na kwa harusi. Kwetu ulitoka kwa uchache zaidi, maana baba alikuwa amefariki na mama alikuwa mjane mwenye kujihesabia kila kitu. Kwa hiyo Lali alipoanza kurudi jioni ananukia udi, mara mbili kwa wiki, kisha mara nne, mimi nilitafuta sababu kwa akili niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimehudhuria harusi tatu. Katika zote tatu, mwanamume aliyefukizwa udi pasipokuwa na Idi wala maulidi alikuwa bwana harusi. Lali alikuwa na miaka kumi na mitano, na sharubu zilikuwa zimeanza kumwota. Nikakata shauri kwamba kaka yangu anaoa, na kwamba wakubwa wanatuficha sisi watoto kama wanavyoficha halua.

Nilifurahi mno hata sikuweza kuibeba furaha ile peke yangu. Chuoni, tulikosomea Kurani kwa Maalim Athman, nikamnong'oneza mwenzangu wa mkekani. Sikusema nadhani, nilisema anaoa. Sijui maneno yalipita milango mingapi. Ninachojua ni kwamba siku ya tatu, baada ya alasiri, jirani yetu Bi. Mwanaesha aliingia ukumbini akiwa amejitanda buibui lake, akaketi bila kukaribishwa, akamwambia mama, "Shoga, harusi yafika mlangoni nami hata kuambiwa sikuambiwa?"

Mama alikuwa akichambua mchele. "Harusi ya nani?"

"Nifiche mimi. Ya Lali. Na mke ni mtu wa Kiwayu, mrefu, ana nywele mpaka hapa." Akajigusa kiunoni.

Nilishangaa kwa dhati. Mimi nilimwoza Lali bila mke. Mji ulikuwa umempatia mke, umempima urefu, umemsuka na nywele. Nakumbuka nilijiambia kwamba kumbe nilikuwa sahihi, kwani watu wakubwa wanayajua mengi kuliko mimi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba mke yule wa Kiwayu alikuwa mwanangu mimi, nimemzaa kwa mdomo.

Bi. Mwanaesha alipokwenda zake, mama aliniita. "Ndoo hapa. Nani aliyekwambia Lali yuwaoa?"

"Hapana mtu."

"Basi umeyatoa wapi?"

"Nimenusa, Mama. Yuwanukia udi."

Mama alicheka. Namkumbuka alivyocheka, kichwa nyuma, mkono kifuani, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba alipofariki. Kisha kicheko kikakatika, sinia la mchele akaliweka sakafuni. Aliinuka, akafungua kasha, akatoa kile kitambaa, akakifungua. Palikuwa na vipande viwili vya udi, na mimi nilikuwa nimeviona vikiwa vingi kuliko vidole vyangu.

Lali aliporudi, mama hakumwuliza kitu. Alimwambia ainame. Hakulinusa shati. Alizika uso wake katika nywele za kaka yangu, akakaa hivyo muda mrefu, nami nikadhani anambusu. Alipoinua uso alisema polepole, "Shati umelifukiza, mwanangu. Kichwa hukukifukiza." Lali alikaa chini pale pale sakafuni. Mama akanituma maji, akamwosha kichwa mwanamume yule wa miaka kumi na mitano kama anavyooshwa mtoto mchanga. Mimi nilielewa kwamba harusi imevunjika na kwamba Lali ni mgonjwa wa kichwa. Nililia, kwa sababu nilitaka pilau.

Yafuatayo niliambiwa: kwamba wiki ile wavulana watatu walikutwa ndani ya gofu, wakafutwa skuli siku ile ile, kwamba mmoja wao alimtaja Lali, kwamba mwalimu mkuu alitaka kumfuta naye, na kwamba mwalimu wa darasa lake alisimama mbele ya mwalimu mkuu akamwombea. Masharti yalikuwa kwamba Lali akikutwa gofuni mara moja tu kabla ya mtihani wa mwisho, jina lake linafutwa na mtihani haufanyi. Kwetu mtihani ule ulikuwa ndio mlango pekee. Baba hakuacha chombo wala shamba. Mama alikuwa ameuza bangili zake zote ili Lali afike darasa lile.

Mwalimu huyo aliitwa Mutua, mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye viatu vilivyong'arishwa ambavyo vumbi la mitaa yetu lilivifanyia uadui. Hilo la ushauri nasaha halikuwa na jina siku zile, wala halikuwa na kikao. Lilikuja kwetu kwa miguu, saa tisa za mchana, likabisha hodi. Na Mwalimu Mutua, kwa kutojua, alibisha kisha akasimama katikati ya mlango akitazama ndani, katika nyumba isiyokuwa na mwanamume.

Mama alirudi nyuma ya mlango upesi. "Mwambie Mwalimu akae dakani." Daka, kwa asiyejua, ni kile kibaraza kilichomo mlangoni mwa nyumba zetu za mawe, chenye viti vya kujengwa pande mbili, ambako wageni wa kiume hukomea.

"Nimesikia, Bibi, asante," akasema Mwalimu, akakaa.

Mama hakujibu. Alinitazama mimi. Ikanibidi nimwambie Mwalimu akae, naye alikuwa amekwisha kukaa. Hapo akafahamu. Kuanzia wakati huo mazungumzo yote yalipita mdomoni mwangu, ingawa kati ya wawili wale palikuwa na ubao wa mlango tu na kila mmoja alimsikia mwenzake sawasawa. Mama aliniinamia sikioni kwanza. "Sema nilivyosema. Usiongeze, usipunguze. Harusi moya yatutosha."

Mwalimu Mutua alianza, "Mwambie mama kwamba Lali ana..." akanyamaza. Alinitazama usoni. Leo najua alichokiona: kwamba neno lile angelitia katika kinywa cha mtoto wa miaka minane, na mtoto ndiye angemkabidhi mama yake. Akayavua maneno aliyokuja nayo, akavaa mengine. "Mwambie mama kwamba Lali anaumwa, na kwamba mimi nataka tumtibu bila kumtangaza."

Nikasema hivyo hivyo.

"Mwambie nayua anaumwa nini. Nimemnusa."

"Mwambie saa mbaya ni zile za kutoka skuli mpaka magharibi. Asubuhi nitamwangalia mimi darasani. Usiku yuko kwake yeye. Katikati hapana mtu."

Nilisikia kucha zake zikikwaruza ubao. "Mwambie yuko Maalim Athman. Hushona kofia dakani kwake kila siku, tangu adhuhuri mpaka magharibi."

Ikawa zamu ya Mwalimu. "Mwambie Maalim hanipendi."

"Mwulize kama Maalim amemwambia hivyo mwenyewe."

Nikamwuliza. Mwalimu akatazama viatu vyake. "Hapana. Nimeambiwa."

"Basi mwambie aende akaulize. Nawe mwoneshe ndia."

Nilimwongoza. Maalim Athman alikuwa ameketi na kofia pajani, moja ya zile kofia zetu za kushonwa kwa mkono, zenye vitundu vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa sindano nyembamba. Kofia moja humchukua mshonaji miezi. Hakuinua kichwa. Alijibu salamu, akatoa mkono kuonyesha nafasi ya kukaa, akaendelea na kazi.

"Nasikia, Bwana Mwalimu," akasema baada ya vitundu viwili, "wasema kuwa watoto wetu hulala darasani kwa sababu ya kuamkia chuoni."

"Nilisema mmoja alilala. Alikuwa na homa, nikamrudisha kwao."

"Aha."

"Nami nimesikia, Maalim, kwamba unasema skuli inawaharibu watoto."

"Nilisema yule mwalimu aliyekuwako kabla yako aliwaharibu. Alikuwa akivuta sigara mbele yao. Wewe sijakuona na sigara." Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Miaka mingapi uko hapa Amu?"

"Miwili."

"Miaka miwili twapitana ndia moya, nawe waninunia, nami nakununia, kwa habari za watu." Akakata uzi kwa meno. "Mlete huyo kijana."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila siku kengele ya skuli ilipolia, Mwalimu Mutua alitoka na Lali, wakapita mbele ya gofu, mpaka dakani kwa Maalim. Mimi niliwangojea pale. Kwa mtu yeyote aliyepita, Lali alikuwa kijana anayejifunza kushona. Bi. Mwanaesha alikuja kwa mama na maswali yake, na mama, jambo ambalo sikulitarajia, alimwambia ukweli wote. Nilidhani kufika jioni habari itakuwa imevuka bahari hadi kisiwa cha Pate. Siku mbili baadaye nilimsikia kwa masikio yangu akimjibu mwanamke aliyemwuliza kwa nini mwana wa fulani anashikwa mkono na mwalimu kama mtoto wa darasa la kwanza. "Yuwashona kofia," akasema Bi. Mwanaesha. "Wewe mwanao yuwashona nini?" Sijapata kuona mdomo mpana hivyo ukifungwa vizuri hivyo.

Sindano ni shahidi mgumu. Siku za kwanza Lali alitoka jasho, akachomwa vidole, akakasirika, akaitupa kofia mara mbili, na mara mbili Maalim aliiokota, akaipangusa, akamrudishia. Vitundu vya juma la kwanza vilikuwa vikubwa na vimepinda. Vya juma la nne vilikaa katika mstari. Mwalimu Mutua, ambaye angeweza kwenda zake, alizoea kukaa. Akaomba sindano. Alikuwa na vidole vya kushika chaki, na Maalim alitazama kitundu chake cha kwanza akasema, "Hiki, Bwana Mwalimu, panya aweza kupita na mizigo yake." Walicheka wote watatu, na Lali ndiye aliyecheka zaidi.

Kisha ikaja siku ambayo Mwalimu alizuiwa na kikao cha walimu. Lali alitoka skuli peke yake. Tulingoja. Adhana ya alasiri ilipita, na kivuli cha ukuta kikavuka njia. Alipofika alitembea kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayebeba maji kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakunukia udi, haukuwapo tena wa kuiba, mama alikuwa ameficha vile vipande viwili. Maalim Athman alimpa kofia kama kawaida, na Lali akashona kama kawaida, na mimi niliona kwa macho yangu vitundu vilivyotoka mkononi mwake: vimeachana, vimepanda na kushuka, kama meno ya mzee.

Mwalimu Mutua alikuja mbio, tai ikiwa begani. "Amekuja?"

"Huyo."

"Alikuwa wapi?"

Nilimtazama Maalim, na Lali akamtazama. Nilijua, kwa namna mtoto anavyojua bila kuelezwa, kwamba jibu la swali lile lingeweza kumtoa kaka yangu skuli. Maalim alipitisha uzi tunduni mwa sindano.

"Sikumuona alikokuwa," akasema. "Siwezi kusema nisichokiona."

Mwalimu aliichukua kofia mikononi mwa Lali. Alipitisha kidole gumba juu ya mstari ule uliopinda, mwanzo hadi mwisho, taratibu. Alikuwa ameelewa, hakuwa mjinga. Akamrudishia. "Nami sikumuona," akasema. Akakaa, akaomba sindano yake.

Hapo Lali alilia. Alilia kimya, bila kuacha kushona, machozi yakimdondokea vidoleni. Kesho yake aliomba ruhusa aufumue mstari ule wa jana aushone upya. Maalim alikataa. "Usifumue. Hiyo yana ni yako. Endelea mbele yake." Na kofia ile ilimalizika ikiwa hivyo: duara safi, ukanda wa pembeni safi, na mahali pamoja palipopinda, panapofunikwa na ncha ya kidole.

Lali alimpa Mwalimu Mutua kofia hiyo siku moja kabla ya mtihani kuanza. Mwalimu aliivaa asubuhi yake kwenda skuli, juu ya kichwa cha Mkamba, na suti. Wavulana walimpigia kelele kutoka barazani. "Mwalimu, umesilimu?"

"Bado," akajibu bila kusimama. "Nimevaa kazi ya mwanafunzi."

Siku ya mwisho ya mtihani, Mwalimu alikuja kwetu dakani asubuhi mapema. Mazungumzo yalipita mdomoni mwangu kama ilivyokuwa ada. Alisema kwamba leo hatamchukua Lali mlangoni mwa skuli, wala Maalim hatatuma mtu. Lali atakwenda kwa Maalim peke yake. Mama akaniambia nimwulize kama hilo ni lazima. Mwalimu alisema kwamba karibu Lali ataondoka Amu, na huko aendako hapana mtu wa kumshika mkono. Heri ajaribu hapa, ambapo njia anaijua. Mama akasema nimwambie amefahamu. Kisha akanigeukia mimi, na haya hayakuwa ya kupeleka kwa mtu. "Nawe usimfuate."

Nilimfuata. Ndilo kosa langu la pili katika habari hii, na la kwanza nimekwisha kulikiri.

Alitoka skuli kalamu ikiwa sikioni. Nilijibanza nyuma ya punda aliyefungwa kwenye pembe ya mtaa. Alitembea bila haraka mpaka usawa wa gofu. Pale ukuta umebomoka, na ndani mlikuwa na kivuli na magugu. Mluzi ukalia kutoka ndani. Lali akasimama. Sauti, sikuitambua ya nani, ikasema, "Lali, mtihani si umekwisha? Ingia basi."

Alikaa amesimama kwa muda ambao sikuupima. Aliweka mkono juu ya jiwe la ukuta uliobomoka. Nilimwona vizuri, punda alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akaondoa mkono, akaupangusa kwenye suruali, akasema, "Nangojewa." Akapita.

Nilikimbia kwa ujia wa nyuma, nikaruka mtaro, nikafika kwa Maalim kabla yake, nikaketi kama niliyekaa tangu adhuhuri. Lali alipofika alisalimu, akakaa kando yangu, akanitazama kifua.

"Mbona wahema?"

"Nimekimbia."

Hakuniuliza kutoka wapi. Alinivuta kichwa kwa mkono mmoja akakilaza begani pake, na mwingine akaunyoosha kupokea kitambaa kipya alichopewa na Maalim.

Jioni mama alinichukua nyuma ya mlango, akachuchumaa ili macho yake yawe sawa na yangu.

"Ulimfuata?"

"Ndiyo, Mama."

Hakunipiga. "Alipita?"

"Alipita."

"Umeambiwa, au umeona?"

"Nimeona."

Alinishika mashavu kwa viganja viwili vilivyonuka kitunguu, akanitazama muda mrefu, kama anayesoma. Kesho yake Lali alipotoka kwenda kwa Maalim, mama hakunikataza kitu, nami sikumfuata.